Kwa Wifi Yangu wa Kibamba, Msomaji wa Nusu ya Pili

Mpendwa wifi yangu,

Usifunue ukurasa mwingine kwanza. Najua umeshaelewa ni nani anayekuandikia, na nakuona kabisa unavyobetua mdomo. Subiri. Hapa uso wangu haupo, yapo maneno tu, na wewe tangu nikujue hujawahi kuyakimbia maneno.

Nimewaomba wenye ukurasa huu wa wasomaji wa vitabu gazetini wanipe nafasi, na Mungu awabariki, wamenipa. Namba ya simu umebadilisha. Dada yako kila nikimpigia ananiambia, "Yupo, kapumzika." Asubuhi umepumzika, jioni umepumzika, utadhani umezaliwa jana. Nikawaza, huyu nitampata wapi? Ndipo nikakumbuka kwamba wewe unasoma kila kitu. Karatasi ya karanga unaikunjua uisome kabla hujala karanga zenyewe. Maelezo ya dawa ya mbu unayasoma mpaka anwani ya kiwanda. Na ukurasa huu ulikuwa unaanza nao, habari za nchi baadaye. Basi nimekuja kukusubiri hapahapa.

Haya ya mwanzo unayajua, lakini kuna wanaotuchungulia, tusiwaache njiani. Wewe ulikuwa mke wa kaka yangu. Ulikuja bibi harusi nyumbani kwetu Tandika, nyuma ya duka letu la nyuzi, vifungo na lesi, ukakaa nasi mpaka watu wakasahau kwamba hukuzaliwa pale. Mwaka jana kaka akataka kuongeza mke wa pili. Ulisema hapana, tena ulisema mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, ukaendelea kukaanga samaki. Akaandika talaka. Hamkujaaliwa mtoto, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kupelekwa huku na kurudishwa kule ili sie wawili tuendelee kuonana. Nilikusindikiza mpaka nje, nikakwambia, "Jumamosi nakuja Kibamba." Ukanishika mkono ukasema, "Wifi, usinifuate. Nikikutazama usoni namwona yeye."

Sikukasirika. Ningekasirikaje? Pua ni ileile, kidevu kilekile, mwanya uleule, hata tukikunja uso tunaukunja upande mmoja. Wateja wapya dukani huwa wanatuuliza kama ni mapacha. Niliingia ndani nikajitazama kwenye kioo cha kabati, nikaona ulichokiona wewe. Nikageuza kioo.

Lakini siandiki ili nije nilie hapa mbele za watu. Naandika kwa sababu nimesoma riwaya. Wallahi wifi, mwaka huu nimesoma riwaya! Nimesoma mpaka nimetoka dukani nikasimama juani, sijui nimefuata nini. Kuna watu wanaandika sasa hivi kwa Kiswahili hikihiki chetu, wengine wadogo kabisa kwa umri, wanaandika mambo ambayo mie nilidhani hayaandikiki. Na sina wa kumwambia. Kifua kimejaa, nitapasuka.

Wanaochungulia hawajui tulivyokuwa tunasoma, na wakijua watatuona tumerukwa na akili. Ulianza wewe. Hina ya harusi ilikuwa haijafutika mikononi mwako. Nilikuwa na riwaya mpya, wewe unaitaka, mie ndiyo kwanza nimeianza. Ukavumilia, ukavumilia, uvumilivu ukakuishia. Ukachukua wembe dukani, ukakifungua kitabu katikati, ukakichana mgongo. Nilipiga ukelele mpaka mama akatoka jikoni na mwiko. Wewe ukanipa nusu ya kwanza, ukabaki na ya pili, ukasema, "Haya, sasa tunagombania nini?" Ukavuta kigoda ukaanza kusoma kuanzia katikati ya sentensi, mtu hujui hata anayezungumzwa ni mwanamume au mwanamke.

Ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Mie nasoma mwanzo, wewe unasoma mwisho, jioni tunakaa uani tunachambua mchele na kukiunga kitabu kwa mdomo. Mie mwenye sababu, wewe mwenye matokeo. Unakumbuka yule daktari? Uliniuliza, "Huyu daktari kwa nini hana mguu?" Nikakujibu, "Mguu anao bwana, kwangu huku anacheza mpira." Ukaniangalia kwa huruma, ukasema, "Basi furahi naye." Sikulala vizuri, nilikuwa namwonea uchungu mtu anayekimbia uwanjani na afya zake.

Na kulikuwa na lile neno lako nililoliogopa kuliko yote. Nikianza kumsifia mtu wa kitabuni, jinsi alivyo mcheshi, jinsi alivyo na roho nzuri, wewe bila kuinua kichwa kwenye ungo unasema, "Usimzoee huyo." Kuanzia hapo kila anapofungua mdomo mtu yule nasoma taratibu, nataka akae. Sidhani kama kuna msomaji mwingine Dar es Salaam nzima aliyewapenda watu wa vitabuni kama nilivyowapenda mie, na ni wewe uliyenifundisha.

Tukishamaliza tunabadilishana, halafu tunazishona nusu zetu kwa uzi mnene wa dukani na kuvalisha jalada la karatasi ya kaki. Humo ndimo tulimomtendea mama lile kosa. Siku ile tulishona vitabu viwili kwa pamoja, huku tunacheka, na nusu zikabadilishana zenyewe. Mama akakichukua kimoja, akakisoma na kidole chake juu ya mstari, kimyakimya, mpaka mwisho. Akatuita. "Nyie, hiki kitabu kizuri sana. Yule kijana wa bandarini wa mwanzo sijui aliishia wapi, hakuaga. Lakini yule bibi aliyekuja baadaye, maskini, kaibeba nyumba yote mgongoni." Tukatazamana. Hakukuwa na bibi yeyote kwenye kitabu cha kijana wa bandarini! Wewe ulianguka kwenye mkeka kwa kucheka, kanga ikafunguka. Ukaenda kuchukua wembe turekebishe, mama akakiweka kitabu chini ya mto. "Hamkigusi. Kwani hapa nyumbani walioondoka wote waliaga?" Mpaka leo kipo kwake hivyohivyo.

Kuna siku nyingine sijawahi kukwambia ninavyoikumbuka. Ndoa yangu ya Mbagala iliponishinda nikarudi nyumbani na begi moja, nilikuwa nimejiandaa njiani kote kwa maswali. Nilijua mama atauliza, majirani watauliza. Wewe ndiye uliyefungua mlango. Ulikuwa na nusu ya kitabu mkononi, umeweka kidole usipotee. Ulinitazama, ukalitazama begi, ukasema, "Afadhali umerudi. Kuna mtu kafa humu ndani sijui kwa nini." Mama akasikia kutoka jikoni, akapiga yowe akaja mbio, nani kafa, nani kafa! Tulipomweleza ni kitabuni alikutafutia ufagio. Mie nilikuwa nimeketi juu ya begi langu, nacheka na machozi yananitoka, na hakuna aliyeniuliza swali lolote mpaka asubuhi. Hivyo ndivyo ulivyonipokea nilipoachwa.

Sasa nisikilize riwaya. Majina ya vitabu na ya waandishi siyaandiki, wenye ukurasa wameniambia nisije nikaonekana nafanyia watu biashara. Wewe ukienda kwa yule mzee wetu wa Mabibo, anayetandaza vitabu jirani na hosteli za wanafunzi, mwambie nilivyokwambia, atavijua. Mwenyewe bado hajatusamehe kwa ule wembe. Nilipomwendea nikampa shikamoo yake, akaitika marahaba, akatazama nyuma yangu. "Wachinjaji mmekuja. Mbona leo mmoja? Mwenzako yuko wapi?" Nikamjibu, "Yupo." Ndilo jibu nililokuwa nalo. Nikainama nikaanza kuchagua vitabu ili asinione.

Ya kwanza ni nene, ya kiwanja. Tena ni cha pande zenu hizo za Kibamba. Dalali kawauzia watu watatu kiwanja kimoja, kaingia mitini. Siku moja asubuhi wote watatu wanafika na matofali yao: mwalimu mstaafu, mama lishe mwenye mabinti, na kijana aliyeoa juzijuzi. Nikajua inakokwenda. Tutapewa mwenye haki mmoja na madhalimu wawili, tutakwenda mahakamani, dalali atakamatwa. Weee! Mwandishi hakunipeleka huko hata hatua moja. Sehemu ya kwanza anaisimulia mwalimu, na nilipoimaliza niliapa kile kiwanja ni cha mwalimu. Sehemu ya pili ni ya mama lishe, nikamchukia mwalimu. Ya tatu ni ya kijana na mkewe mjamzito, nikabaki nimekaa sina upande, nimenyang'anywa hasira zangu zote na sikuona zinavyochukuliwa.

Halafu mvua inakuja. Matofali hayajakauka, ya kila mmoja, na turubai ni moja tu, la yule mama lishe. Wifi, wale watu wanafunika matofali ya wote watatu kwa turubai lile moja. Hakuna anayesema tusameheane. Hakuna anayelia. Mwandishi kawaacha tu wameshika ncha, wamelowa, na kila mmoja anavuta kidogo kuelekea kwake. Niliposoma hapo nilikiweka kitabu juu ya kaunta nikakitazama. Yaani mtu aliketi mahali, pengine kwenye kiti cha plastiki kama hiki changu, akatunga kule kuvuta kidogo. Alijuaje? Nani alimwambia kwamba sie binadamu tuko hivyo hasa? Mteja alikuwa anaomba zipu nyeusi, nikampa nyeupe, akaenda nayo, akarudi kunigombeza.

Kasoro ipo, usije ukasema nimelewa sifa. Majina ni mengi mno, na kila mtu anatajwa kwa majina yake yote matatu utadhani tuko polisi. Wewe usingejali maana huwa unaanza watu wameshapungua.

Ya pili ndiyo niliyoitupa. Ilisifiwa kila mahali, na jalada lake zuri kweli, lina ndege wa dhahabu. Lakini jamani, watu wa mle ndani wanaongea kama wako kwenye semina! Mume anamwambia mkewe "ni lazima tuitafakari hali yetu," asubuhi, hawajapiga hata mswaki. Nilivumilia. Nikasema pengine ndiyo mtindo mpya, mie nimepitwa. Nikafika mahali shujaa anapika pilau ya harusi, na mwandishi kamfanya atie mchele, halafu ndiyo anakaanga vitunguu! Astaghfirullah. Nilikifunga palepale. Mtu akinidanganya kwenye vitunguu, mambo ya mapenzi na mauti nitamwaminije? Nilikisikia kicheko chako mpaka nikageuka nyuma.

Ya tatu nilianza kwa kuidharau, na imenitia adabu. Ni nyembamba, kaiandika mtu mchanga, na yote ni ujumbe wa sauti wa kwenye simu. Binti wa Sinza, mama yake kaenda Uarabuni kufanya kazi za ndani, na kila jioni binti anamtumia sauti. Basi. Hakuna mandhari, hakuna maelezo. "Mama mambo, leo tumekula ugali, dogo kapigwa shule, nilikuwaga nakwambia huyu mwalimu ana ishu na sie." Nikasema, hii siyo riwaya, hii ni simu, nimetapeliwa. Lakini nikawa naendelea tu. Unajua kinachotokea? Mama hajibu. Kitabu kizima hatumsikii mama. Mwanzoni binti anasema "najua uko bize." Baadaye anaacha kusema hivyo. Anaanza kumsimulia mambo madogo zaidi, rangi ya ndoo mpya, jinsi paka wa jirani anavyokaa, na wewe msomaji unaelewa kwamba yale makubwa hawezi tena kuyasema. Kuna ujumbe mmoja wa kumwimbia dogo alale, anajifanya ameubonyeza kwa bahati mbaya.

Na mwisho, nakwambia mwisho kwa sababu wewe ungeanza nao, inakuja sauti kutoka kwa mama. Moja. Ukurasa una maneno machache tu: binti anatuambia kaisikiliza, na ndani yake hakuna neno, kuna mtu anavuta pumzi, halafu inakatika. Haki ya Mungu, wifi, nywele zilinisimama. Kimya kinaandikwaje? Mie nilidhani kimya ni pale mwandishi anaponyamaza. Huyu mtoto kakiandika kwenye karatasi nikakisikia na masikio yangu, dukani, mchana, na singeli inapigwa kibanda cha pili! Nikasimama nikamwambia mama, "Mama, kuna mtoto kaandika kimya." Mama akaniambia, "Kamwambie wifi yako." Akakumbuka. Akaendelea kupanga vifungo.

Nimejaribu wengine, usidhani nimekaa tu kukuonea wivu usingizi wako wa Kibamba. Niliingia kwenye kundi moja la wasomaji la kwenye simu. Nikaandika mambo yangu ya turubai, marefu, kwa hamu. Mmoja akajibu kwa kidole gumba. Mwingine akaandika "Kitabu kizuri, hongera kwa mwandishi," akaweka maua. Wa tatu akauliza kama kuna mtu anauza friji. Ni watu wema, sikatai. Lakini hakuna hata mmoja aliyeniambia nisimzoee mtu. Navisoma vitabu vizima siku hizi, wifi, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, peke yangu, kama watu wenye akili timamu, na raha ya kitabu kizima sijaiona bado.

Sasa nije kwenye ya nne, maana hii ndiyo iliyonikalisha chini nikuandikie.

Ni ya mwanamke na mama mkwe wake. Mume ameondoka, amehamia mji mwingine na mwanamke mwingine, na anamtumia mama yake gari aje kuishi naye. Mizigo imeshapakiwa. Mama mkwe anatoka, anaitazama gari, anarudi ndani, anakaa kwenye kiti chake. Mkwe anamwambia, "Mama, dereva anangoja." Anajibu, "Aende. Mie humu nimezoea." Gari inaondoka na mizigo yake, na mama mkwe yule anaishi miaka kwenye nyumba ya aliyekuwa mke wa mwanawe kwa nguo za kuazima.

Wifi, sijui nikueleze vipi uandishi wa huyu mtu. Hakuna mahali anaposema wale wawili wanapendana. Hata mara moja! Anaandika tu kwamba mkwe akimenya chungwa, anampa mama mkwe ile nusu yenye kokwa chache. Anaandika kwamba mama mkwe alikuwa akimtaja mwanawe kwa jina, halafu siku moja akasema "yule," na mkwe akasita na kisu hewani, kisha akaendelea kukata mchicha. Miwani wanayo moja, wanapokezana. Mistari midogo hivyo, ya kawaida, na mie nikiisoma nilikuwa nahema kama nimepanda ngazi. Nilikuwa nasoma nusu ukurasa, natoka nje, narudi. Niliogopa kile kitabu. Sijawahi kuogopa kitabu kwa sababu kimenijua.

Kuelekea mwisho yule mwanamume anarudi. Amekonda, amesimama mlangoni, anabisha hodi. Wao wako ndani, wameisikia sauti. Na mama mkwe, yeye aliyemzaa, hamkimbilii. Anamgeukia mwenzake anamuuliza, "Nimfungulie?" Sehemu ile inaishia hapo.

Imebaki sehemu moja ya mwisho, kurasa chache, na nimeshindwa kuzisoma. Mie! Kitabu kiko kwenye meza ya kushonea, nakipita asubuhi nakipita jioni. Sitaki kujua peke yangu. Mwisho siku zote ulikuwa kazi yako, wewe ndiye mwenye moyo wa kuingia kule kwanza, ukarudi ukanitazama usoni nikajua nijiandae kwa lipi.

Kaka ameshaoa, yuko Sinza na mkewe. Huyo mke ni mtu mzuri, sitamsema vibaya mtu asiyenikosea. Ananiita wifi na mie naitika, kwa moyo safi kabisa. Wala hilo neno halikujaa baada ya kukubeba wewe, lina nafasi. Na kuhusu wewe, ile talaka niliisoma, maana wewe unanijua, karatasi haipiti mbele yangu bila kusomwa. Niliisoma yote, na mashahidi. Ina jina lake na ina jina lako. Langu sikuliona. Aliyekuacha ni kaka, na kaka hakutumwa na mie.

Kwa hiyo nakuja. Jumamosi, baada ya alasiri, na kitabu. Na lile ulilonikataza nimelitafutia dawa.

Nimeazima nikabu kwa jirani. Ndiyo, mie, ambaye tangu nizaliwe sijawahi kuvaa, mpaka jirani akaniuliza kama nimepata mchumba huko Oman. Niliifunga nikasimama mbele ya kioo kilekile cha kabati. Pua ya kaka ikaondoka. Kidevu kikaondoka, na mwanya, na mdomo wetu huu wa ukoo. Yakabaki macho tu, nikaingiwa na wasiwasi nayo. Nikamwita mama. Nikamwambia, "Mama, nitazame vizuri. Unamwona nani?"

Mama alisogea karibu kabisa, akanishika mabega. Hakucheka. Alishajua nakwenda wapi bila kumwambia.

"Hayo macho nimekupa mie," akasema. "Kaka yako alichukua ya baba yake. Nenda. Kaka yako hayumo humo."

Nifungulie, wifi.

Ni mie,
Wifi yako
Tandika